Wimbo Ambao Tate Hakuuanzisha

Mapendo mwanangu,

Sanduku lako nimelifunga kwa kamba kwa sababu zipu imekataa, na sitalifungua tena. Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga musikitere kabla mbu hawajaamka, ya kutokula nyama ya barabarani pale Komanda, nimeyasema mpaka mdogo wako Jonasi anayaigiza kwa sauti yangu na baba yako anacheka. Shangazi yako wa Kisangani atayarudia yote ukifika. Hapa siyaandiki.

Wewe bado unazunguka mtaa wetu wa Bigo kuagana na watu. Mvua imepita, vumbi limelala, tate yako, mama yangu, ameketi mlangoni anachambua maharagi, nami nimepata meza peke yangu, jambo ambalo humu ndani ni nadra. Nyumba iko na amani leo. Nilidhani siku hii nitakuwa na uzito moyoni, lakini nilipoangalia sanduku lako nimejikuta natabasamu. Mtoto wangu anakwenda kusoma sheria. Basi niache nikuandikie kitu kimoja ambacho sijawahi kukuambia vizuri, kwa sababu mwenye habari yenyewe hapendi isimuliwe.

Ni habari ya tate Raheli. Wewe unajua kwamba alisoma kwenye misioni na hakumaliza. Unajua pia kwamba kanisani ana sauti kuliko kwaya nzima, na bado wakimwomba aanzishe wimbo anatikisa kichwa na kusema, "Anzeni, mi nitafuata." Watu wanafikiri ni unyenyekevu wa uzee. Mimi nilikuwa nafikiri vilevile.

Alikuwa na umri kama wako sasa, labda chini kidogo. Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na hakuna aliyefikiri kwamba watakwenda karibuni. Alikaa kwenye shule ya wasichana ya misioni, kusini kule, njia ya kutoka Aveba kuelekea Boga. Baba yake, mzee Yoeli, alikuwa mkulima. Watu wa kilima chake walimwonya kwamba msichana akijua kuandika ataandikia wanaume barua. Yeye aliwajibu kwamba afadhali binti yake aziandike mwenyewe kuliko kutafuta mtu wa kumwandikia. Alikuwa na hamu moja tu, binti awe mwalimu. Na Madamu, yule mzungu aliyeongoza shule, alikuwa amekwisha kumwahidi Raheli kwamba mwaka unaofuata atapewa darasa la wadogo.

Karibu na pale kulikuwa na mzungu mwingine mwenye shamba kubwa la kahawa. Kahawa ikiiva, serikali ilituma polisi kuwaokota wanaume wa vilimani wakamvunie. Haikuwa kazi ya kuombwa. Mwaka ule polisi walifika wakati maharagi ya watu yamekauka shambani na mvua inakaribia. Wanaume wakajibu kwamba watakuja wakimaliza kuvuna yao. Walisema kwa heshima, kofia mkononi, lakini Bwana Administrateri, mzungu wa serikali aliyetawala eneo lile, hakutaka kusikia habari ya "wakimaliza". Wakafungwa kamba, wakapelekwa boloko, gereza la serikali, na mule ndani wakapigwa fimbo. Mzee Yoeli alikuwa kati yao. Baba ya Damari vilevile.

Ndiyo, Damari unayemjua. Yule bibi wa nyumba yenye mabati mekundu, aliyekuwa akikuita kwa utani mukewenza wake na kukuwekea muhindi wa kuchoma kila ulipotoka shule, mpaka tukamzika. Wakati ule yeye na tate walikuwa wasichana wa kilima kimoja. Shuleni walilala kitanda kimoja na kula sahani moja, na mmoja akiugua mwingine alikuwa anapelekwa pia kwa muuguzi, maana hawakuachana.

Sasa, habari ikafika kwamba mkubwa mmoja wa serikali atakuja kutoka mbali kutembelea misioni. Nyasi zikakatwa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, na wasichana wakafundishwa wimbo wa Kifaransa wa kumshukuru. Ulikuwa unashukuru kwa ajili ya amani, kwa ajili ya barabara, kwa ajili ya shule. Tate anasema ulikuwa wimbo mzuri sana kwa sauti, na alipenda kuuimba. Ndani yake kulikuwa na mstari unaowaita wazungu baba zetu. Kabla ya wanaume kukamatwa, mstari ule ulipita kinywani mwake bila shida, kama maneno mengine yoyote ya shule. Baada ya pale, kila akiufikia alikuwa anamwona baba yake na kamba mikononi, na sauti inakatika. Madamu alifikiri ana mafua. Akampa asali.

Wimbo wenyewe ulikuwa unaanzishwa na mtu mmoja. Anaimba mstari wa kwanza peke yake, halafu wengine wote wanaingia. Mtu huyo alikuwa Raheli. Asipoanza yeye, wengine hawana pa kuingilia.

Alikata shauri siku ya kupiga pasi nguo nyeupe. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba kama hakuna anayejua, hakuna mwingine atakayepigwa. Yatamwangukia yeye peke yake. Hata Damari hakumwambia, na walikuwa wamesimama kwenye meza moja, mmoja akitia makaa kwenye pasi, mwingine akinyoosha kola. Ukumbuke jambo hilo, kwa sababu ndilo linalonifanya nikuandikie.

Mgeni akaja mchana na magari yake. Wasichana walikuwa wamepangwa kwenye ngazi za kanisa, Raheli mbele, Damari nyuma yake. Machifu walikuwepo, mapolisi, Administrateri katika nguo nyeupe, na pembeni mama zao wengi, waliotoka mlimani na watoto mgongoni kwa sababu waliambiwa waje wapige makofi. Mgeni akashuka, akatoa kofia, akasimama mbele ya ngazi. Madamu akainamisha kichwa kidogo kumpa Raheli ishara.

Raheli hakufungua kinywa.

Madamu akamtolea sauti ya kuanzia, polepole, mmm, kama kwa mtoto aliyesahau. Raheli akamwangalia kwa adabu na akabaki vile. Pakawa kimya mpaka watu wakasikia gari la mgeni linavyopoa. Tena tate anasema, na hapo anacheka mpaka machozi, kwamba tumbo lake ndilo lililovunja kimya, kwa sababu hakuweza kula asubuhi, likanguruma ngazi nzima ikasikia.

Ndipo Madamu akamgeukia mwenye sauti ya pili. Akasema, "Damari, anza weye."

Mwanangu, mimi nafikiri juu ya sekunde ile kuliko yote mengine. Raheli alikuwa ametayarisha moyo wake siku nyingi. Damari hakutayarisha kitu. Alikuwa amekuja kuimba. Alichokiona ni shingo ya rafiki yake mbele yake, imelowa jasho, na mapolisi upande wa kulia. Akaelewa. Akafunga kinywa chake, akaangalia chini. Na hapo wote wakabaki kimya, hata wadogo ambao hawakujua kinachoendelea.

Mgeni akamwuliza Administrateri kuna nini. Administrateri, uso umekuwa mwekundu, akamwuliza Madamu. Madamu akamwuliza Raheli. Na Raheli akajibu kwa Kifaransa kile walichomfundisha wenyewe, akimwelekea mgeni:

"Baba zetu wako mu boloko, Bwana. Siku watatoka, tutaimba."

Hayo tu. Hakuongeza kitu, hakuinua sauti. Mgeni alimwangalia Administrateri kwa muda mrefu. Halafu akavaa kofia, akaingia nyumbani kwa Madamu kunywa chai iliyokuwa imetayarishwa, na alikwenda zake kabla ya chakula.

Nilipokuwa mtoto, wajomba zangu walisimulia kisa hiki kwa namna yao. Kwao tate alikuwa amesimama kama askari, macho yanawaka, haogopi kitu. Nilikua nikiamini kwamba kuna watu wanaozaliwa bila woga, na kwamba mimi si mmoja wao, kwa hiyo mambo kama hayo hayanihusu. Niliishi hivyo kwa raha kabisa. Nilikuwa tayari mke wa mtu siku nilipomwuliza tate mwenyewe alikuwa anafikiri nini pale kwenye ngazi. Nilitegemea jibu kubwa. Aliniambia kwamba tangu asubuhi alikuwa anataka kwenda chooni na hakupata nafasi, na kwamba wakati mgeni anamwangalia alikuwa anaomba Mungu kitu kimoja tu, asijikojolee mbele ya machifu.

"Na woga?" nikamwuliza.

"Woga ulikuwa mwingi," akasema. "Lakini ule wimbo ulikuwa mubaya zaidi."

Tangu siku hiyo nimeacha kumtafuta mtu asiyeogopa. Sijamwona bado.

Sasa nikuambie gharama, kwa sababu wajomba walikuwa wanairuka. Kesho yake Raheli na Damari wakafukuzwa shule. Amri ilitoka kwa Administrateri, lakini Madamu ndiye aliyewaambia. Alikuwa anakunja nguo za Raheli na kuziweka kwenye kikapu huku analia. Alimwambia, "Ungenipasha habari, ningetafuta wimbo mwingine." Tate anamkumbuka bila chuki. Anasema alikuwa mwanamke mwema aliyefikiri shida ilikuwa ni wimbo.

Darasa la wadogo alipewa msichana mwingine. Tate hakuwa mwalimu, wala mwaka ule, wala baada ya uhuru. Alilima. Aliolewa, akazaa, akalima. Siku bendera ya Wabelgiji ilipoteremshwa, yeye alikuwa anapalilia mihogo, na alijua tu kwa sababu ya kelele za watu barabarani. Nikikuambia kwamba hakujuta hata siku moja nitakuwa nakudanganya. Nilimwona mara nyingi akisimama nje ya dirisha la shule yetu ya kijijini, jembe begani, akisikiliza mwalimu anavyofundisha, na midomo yake inasogea.

Wanaume walitoka boloko kabla ya msimu wa kupanda. Kama ni kwa sababu ya yale maneno, hakuna anayejua. Wengine walisema mgeni aliandika amri. Wengine walisema mwenye kahawa aliona hasara, akawaomba mwenyewe. Tate akiulizwa anasema tu, "Mi sijue." Mzee Yoeli alirudi anavuta mguu mmoja, na neno lake la kwanza kwa binti yake halikuwa shukrani. Alimwuliza, "Nani alikutuma?" Alisema yeye alikuwa tayari kuvumilia boloko mwaka mzima, mradi binti abaki kwenye masomo, na sasa wamepoteza vyote viwili. Hakusema naye vizuri kwa wiki nyingi. Tate alilala katika nyumba hiyo akijua kwamba baba yake amemkasirikia kwa jambo alilolifanya kwa ajili yake. Na mama yake alikuwa katikati, anabeba sahani kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Halafu jioni moja wenzake wa boloko walikuja kunywa pombe ya ndizi kwa mzee Yoeli. Tate akaitwa aje na maji ya kunawa. Mmoja wao, mzee aliyekuwa mnene kabla boloko haijamkondesha, alipokea maji halafu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, namna tunavyosalimia wakubwa. Akamweleza kwamba kule ndani walikuwa wamefikia kutosemezana. Kila mtu alikuwa anamlaumu mwenzake: weye ndiye uliyesema tukatae, hapana, ni weye. Walikula wamepeana mgongo. Ndipo polisi mmoja akaja kuwacheka kwamba mabinti wao wamekuwa mabubu mbele ya mkubwa wa serikali. Wakamwuliza kisa, wakamwuliza tena, mpaka akaeleza chote. Siku ile, yule mzee akasema, waligeuka na kula pamoja. Alipomaliza kusema, kila mwanaume akainuka kumsalimu Raheli. Mzee Yoeli alibaki ameketi, lakini wageni walipokwenda alimwita binti yake, akamwambia aketi kwenye kiti, sio kwenye mkeka, akammiminia pombe kidogo kwenye kikombe chake mwenyewe. Na tate hakuhitaji kitu kingine.

Kwa hiyo na baba yake ilipona. Kwa Damari haikupona.

Damari alirudi nyumbani na kikapu chake bila kutembea pamoja na tate njiani. Tate alifikiri ni uchungu wa shule na kwamba utapita. Haukupita. Damari akapata mume huku Bunia, akaondoka bila kuaga. Miaka ikapita, wakazeeka kila mtu upande wake, na hawakusemezana. Tate hakulitaja jina lile nyumbani. Nilikuwa mtu mzima kabla ya kusikia kwamba alikuwa na rafiki wa utotoni.

Wakati wa vita, wewe ukiwa bado mgongoni mwangu, tulikimbia kutoka kijijini na tukafika hapa kama watu wengi. Tulilala kwenye sakafu ya kanisa pamoja na jamaa zisizohesabika. Siku moja wamama wa mji wakaja na uji. Bibi mmoja mrefu alikuwa anapita kati ya mikeka na sufuria mkononi, akafika kwetu, akasimama. Tate aliinua macho. Walitazamana mpaka watu wa foleni nyuma wakaanza kunung'unika. Yule bibi akaniwekea mimi uji, akaweka sufuria chini, akasema:

"Raheli, kunja mikeka. Twende nyumbani."

Ndivyo tulivyofika Bigo. Tulioga, tukapewa bugali na sombe, wewe ukalala kwenye kitanda cha kweli kwa mara ya kwanza. Na baada ya kula, mimi nikiwa pale pale nakunyonyesha, Damari alisukuma sahani yake pembeni. Yale waliyosema nayakumbuka kama jana.

"Raheli, nilikukasirikia tangu ile siku."

"Najua," tate akasema. "Nilikupotezea shule."

"Hapana. Shule nilipoteza mimi mwenyewe. Madamu aliniambia nianze, na mimi nikafunga kinywa yangu. Usininyang'anye na hiyo."

"Basi ni nini?"

"Tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Weye ulijua, na hukuniambia. Uliniona muoga."

"Nilitaka kukulinda," tate akasema.

"Nani alikuambia mi nataka kulindwa? Baba yangu pia alikuwa mu boloko. Ungeniambia, tungesimama pamoja. Weye ulikuwa peke yako kule mbele, na mi nilikuwa peke yangu nyuma yako. Siye tulikuwa wawili, Raheli, na kila mutu alikuwa peke yake."

Siku nyingine sijawahi kumwona tate akilia, wala siku tulipokimbia, wala siku tulipomzika baba yangu. Siku hiyo alilia kama msichana. Damari alimwacha alie mpaka amalize, halafu akaamka kwenda kuchemsha chai, na alipokuwa anapuliza moto alianza kuimba kitu, sijui nini, wimbo wa kwao wa kupalilia. Tate akaufuata. Na tangu siku hiyo mpaka Damari alipokufa, ukisikia sauti mbili uani kwetu, ilikuwa ni Damari anaanza na tate anafuata.

Sasa nifike kwako.

Unakumbuka ile siku uliyorudi umechomwa na jua usoni, ukaniambia kwamba repetisyo ya kwaya, mazoezi yenu ya kuimba, ilifanyika nje? Nilikuwa nimetoka soko kwa moto, pikipiki ya abiria. Njia ilizibwa karibu na ofisi za serikali, dereva akapunguza, nikaona vijana wa mashati meupe wameketi chini, kimya kabisa, na mabango yao yanayoomba barabara ziwe salama, watu waache kufa njiani. Wewe ulikuwa mstari wa pili. Ulikuwa umeshika mkono wa msichana mdogo kuliko wewe, na polisi walikuwa wanazunguka. Dereva akaniuliza, "Mama, tusimame?" Nikamwambia aendelee, kwa sababu nilijua nikishuka nitakuvuta nguo mbele ya watu wote.

Jioni ulinipokea sufuria, ukaanza hata kuniimbia ule wimbo mliokuwa "mnajifunza". Uliuimba vizuri. Nilikusikiliza, nikakusifu, nikaenda nyuma ya nyumba, na pale sikujua kama niliyokuwa nayo ni hofu au furaha. Nafikiri ilikuwa yote mawili. Baba yako nilimwambia. Akasema, "Ni mutoto ya nyumba hii." Tukaacha.

Nimewaza sana tangu hapo kwa nini ulinificha. Nimeona kwamba nilikufundisha mwenyewe. Kwenye miaka ile mibaya nilikuziba kinywa kwa kiganja changu katika migomba, na kimya chako kilituokoa. Hapo sina la kujuta. Lakini vita ilipotulia mimi niliendelea kusema nyamaza. Nyamaza, mwalimu atakusikia. Nyamaza, yule ni mkubwa. Ukawa mtoto mwenye adabu mbele yangu, na yale ya moyoni ukayapeleka kwingine. Sikulaumu. Najua pia kwamba hukufanya kwa kuogopa kupigiwa makelele. Uliona nimechoka na maisha, ukaona usiniongezee. Ulikuwa unanilinda.

Mapendo, sikukatazi kitu. Kisangani utakutana na mambo ambayo mimi siyajui. Pengine utaombwa utie sahihi mahali usipopaswa kutia, au useme asante kwa mtu aliyemfunga jirani yako, au ucheke pamoja na watu wanapomcheka mnyonge. Mara nyingi utaacha ipite, na utakuwa na haki, maana mtu hawezi kusimama kila siku, na masomo pia ni kazi. Hata tate aliimba nyimbo nyingi za Wabelgiji kabla ya ule mmoja. Lakini kama siku itafika ambapo wimbo hauwezi kupita kooni, mimi sitakuuliza nani amekutuma.

Nakuomba jambo moja tu. Niambie kabla. Mwambie na yule unayelala naye chumba kimoja, umpe nafasi ya kuchagua mwenyewe. Atachagua kwenda zake au kubaki, ni haki yake. Na mimi nipigie simu. Labda nitalia. Labda nitakuambia maneno ya kijinga, nitataja masomo, nitataja presha yangu. Niache niyaseme, halafu uniambie ni saa ngapi. Siwezi kufika Kisangani kwa wakati. Lakini saa hiyo nitaacha kazi yote niliyo nayo, nitatoka uani, nitasimama wima, na majirani wakiniuliza nafanya nini hapo, nitawaambia jina lako.

Mama yako, ambaye haombi kulindwa.